Sauti ya Pili

Kwa miaka kumi na minne, mtu aliyetaka kusikia muziki mtulivu kwenye shughuli yake aliambiwa, "Waite Mapacha." Na Mapacha hawakuwa mapacha hata kidogo. Walikuwa mwanamke na mdogo wake wa kike. Mkubwa alimzidi mdogo miaka sita, alimzidi kimo, na alimzidi ukimya. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kushona nguo, na jina alilopewa na wazazi lilikuwa limeshasahaulika mtaani; wakubwa kwa wadogo walimwita Fundi. Mdogo ndiye aliyepiga gitaa, na kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, tangu utotoni aliitwa Chiriku.

Kilichowafanya wawe mapacha ni kuimba. Chiriku akishaanzisha wimbo, Fundi alisubiri maneno mawili matatu, kisha akaingia kwa juu kidogo, polepole, kama mtu anayeingia chumba alicholala mtoto mchanga. Kuanzia hapo usingejua yupi ni yupi. Wapo waliodhani gitaa ndilo lililoongeza ile sauti ya pili. Fundi hakukasirika. Aliona hiyo ndiyo kazi yake, kuwapo bila kuonekana.

Kisha shingo yake ikaanza kuvimba. Alipokwenda hospitali akaambiwa ni tezi, na kwamba litolewe. Daktari hakumficha kitu. Alimchorea kwenye karatasi, akamwonyesha mshipa wa fahamu unaoendesha sauti ulivyopita karibu na uvimbe, akasema watajitahidi wasiuguse, ila hawezi kumhakikishia. Fundi akatia sahihi. Alipozinduka alitaka kuomba maji, ikatoka pumzi tupu.

Akaambiwa asubiri miezi sita. Akasubiri. Akaambiwa wengine huchukua mwaka. Mwaka ukapita na miezi mitatu juu yake, na Fundi bado alikuwa mtu wa kunong'ona. Wateja wake walizoea kumwinamia wamsikie, na jambo la kuchekesha, wao nao walimjibu kwa kunong'ona, mpaka chumba chake cha kushonea kikawa kama mahali pa kupangia njama. Mama mmoja aliwahi kumnong'oneza kipimo cha kiuno chake, halafu akageuka kuangalia kama kuna aliyesikia. Siku hiyo Fundi alicheka sana, mabega yakitikisika, bila mlio wowote.

Muda wote huo Chiriku alilitundika gitaa ukutani. Watu walipompigia simu alisema, "Dada anaumwa, akipona tutakuja." Hoteli moja ya katikati ya mji ilikuwa ikiwaita kila Jumapili mchana, waimbe watu wakila. Meneja wake, mwanamke mpole asiyependa kusumbua mtu, alivumilia mwaka mzima. Mwishowe akamwita Chiriku, akampa soda, akamwambia ukweli. Anataka arudi. Ila ukumbi ni mpana na watu wamezoea sauti mbili. Atafute mwenzake.

Chiriku alirudi nyumbani kwao, nyumba waliyoachiwa na mama yao, akaketi kwenye kiti cha wateja. Akalitazama gitaa lililokuwa ukutani.

"Wanataka niende na mtu," alisema hatimaye. "Mimi siwezi, Dada. Nikimsimamisha mtu pale unaposimama wewe, nitakuwa nimekuzika unatembea."

Fundi aliendelea kutunga uzi kwenye sindano.

"Lakini kuna mpiga gitaa mmoja kaniambia habari ya pedali. Kijisanduku tu, unakiweka sakafuni, unakikanyaga. Wewe unaimba, chenyewe kinachukua sauti yako, kinatoa nyingine juu yake. Papo hapo. Ukikikanyaga tena kinanyamaza." Akamtazama dada yake usoni. "Mashine si mtu. Haiwezi kukaa kiti chako. Unaonaje?"

"Sawa," Fundi alinong'ona.

"Sawa ya kweli?"

"Sawa."

"Basi twende wote. Sikio ni lako. Nikienda peke yangu nitauziwa takataka, nirudi nayo nimefurahi."

Walikwenda Jumamosi asubuhi. Duka lilikuwa la vyombo vya muziki, jembamba na refu, magitaa yamening'inia pande zote kama nguo kwa dobi. Muuzaji alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyoshonwa kwa waya pembeni, aliyewahi kupiga kinanda kwenye bendi kabla ya vidole kuanza kumuuma. Aliwasikiliza, na kabla hawajamaliza akatoa visanduku vitatu, akavipanga juu ya meza.

"Hivi vyote vinatoa sauti ya pili," alisema. "Tofauti yake ni akili. Hiki cha kwanza hakina akili kabisa. Unakiambia kikae juu yako hatua kadhaa, kinakaa hizohizo mpaka kiama. Wimbo ukitaka kisogee kidogo, hakisogei. Cha pili kina akili ya kuambiwa. Unazungusha hiki kitufe, unakiambia wimbo uko ufunguo gani, yaani umejengwa juu ya noti ipi, nacho kinafuata. Wimbo ukihama katikati, lazima ukanyage hapa kukijulisha. Hiki cha tatu hakiambiwi. Unachomeka gitaa lako ndani yake, kinasikiliza vidole vyako, kinajua chenyewe pa kwenda."

"Tuvijaribu vyote," Chiriku alisema.

Gitaa lake la mbao lilikuwa na tundu la waya. Akalichomeka, akasimama mbele ya maikrofoni, akaanza wimbo walioutunga wenyewe walipofiwa na mama yao. Fundi hakutarajia wimbo ule. Ulikuwa na ubeti wa chini, wa kusemasema, halafu katikati wimbo wote ulipanda ngazi moja, na mwishoni palikuwa na mahali sauti ya kwanza inateremka peke yake, na ya pili inabaki juu, imesimama kwenye noti moja, haiendi popote.

Kisanduku cha kwanza kiliharibu kabla ya mstari wa tatu. Chiriku akakunja uso, wote wakacheka. Cha pili kilikwenda vizuri hadi wimbo ulipopanda. Chiriku alichelewa kukanyaga, na kwa muda mfupi sauti mbili zikagongana kama watu wanaotoka mlango mmoja. Alipokanyaga ikatulia.

"Ni mazoezi tu hiyo," alisema.

Kisha muuzaji akahamisha nyaya, akachomeka cha tatu.

Fundi alikuwa amefumba macho ili asikie vizuri. Chiriku akaanza peke yake. Kwenye chorasi akakanyaga, na Fundi akajisikia anaimba. Hapana namna nyingine ya kulieleza. Kisanduku kilichukua koo la mdogo wake, kikalipandisha, na koo la mdogo wake likipandishwa lilikuwa koo lake. Mama yao alikuwa mmoja, mifupa ileile, namna ileile ya kuivuta silabi ya mwisho. Tena ilikuwa sauti ya Fundi wa miaka kumi iliyopita, safi, kabla haijachakaa kwa moshi na vumbi la vitambaa. Wimbo ukapanda ngazi, nayo ikapanda bila kuguswa. Ni pale mwisho tu, pa kusimama kwenye noti moja, ndipo ilipokosea: Chiriku alipoteremka, nayo ikateremka naye.

Chiriku alinyamaza. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na alitabasamu kama mtu aliyeokota kitu alichokwisha kukililia.

"Vipi, Dada?"

Jibu lilikuwa moja, na kila mtu mle dukani alilijua. Lakini Fundi aliingiwa na wivu ambao hakuwahi kuujua. Alijiona yuko nyumbani, Jumapili kwa Jumapili, na sauti yake ikiwa kule hotelini bila yeye, wala haimhitaji.

Akatikisa kichwa. "Ina bati," alinong'ona.

"Bati?"

"Kama redio ya zamani. Chukua ya pili."

Chiriku alimgeukia muuzaji. Muuzaji alimwangalia Fundi kwa muda kupitia miwani yake, halafu akainama kuzungusha waya.

"Mwenye sikio ndiye anayejua," alisema.

Wakaondoka na cha pili.

Jumapili iliyofuata ndiyo ilikuwa ya kurudi. Fundi alimshonea mdogo wake gauni la bluu la mikono mirefu, akaenda naye, akaketi meza ya nyuma karibu na nguzo. Meneja alikuja kumkumbatia. Wimbo wa kwanza ulipita salama, wa pili nao. Wa tatu ulikuwa wa harusi, wa furaha, nao ulihama ufunguo mara mbili. Chiriku aliukanyaga ule uhamisho wa kwanza kabla ya wakati. Sauti ya pili ikaruka mahali pasipo pake, ikaning'inia huko. Alipotaka kuisahihisha akakanyaga mara mbili, ikaenda kubaya zaidi. Watoto wa meza ya mbele wakaangua kicheko. Watu wakaacha vijiko hewani. Chiriku alijaribu kufanya mzaha, akasema kwenye maikrofoni, "Huyu mwenzangu leo kaamka na lake," na watu wakacheka kwa kumhurumia. Akakizima kisanduku, akamaliza peke yake. Kwenye ukumbi ule sauti yake ilikuwa nyembamba, na mwishoni ilitetemeka.

Meneja hakumlaumu. Alisema, "Jumapili ijayo tutaona," na wote walielewa maana yake.

Kwenye teksi Chiriku alitazama dirishani njia nzima. Walipokaribia nyumbani alisema, "Si kosa la mashine. Ni mguu wangu. Mguu wangu mzito kama gogo."

Fundi alihesabu nauli.

Jumatatu Chiriku alileta kisanduku chumba cha kushonea, akakiweka karibu na cherehani. "Wewe umekanyaga pedali maisha yako yote," alisema. "Nifundishe. Unajuaje wakati wa kuachia?"

Basi Fundi akamfundisha. Alimshika kifundo cha mguu kwa mkono wake, akamwonyesha kukanyaga kwa vidole badala ya unyayo, akampigia mapigo kwa kugonga meza kwa mkasi. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Mara saba kati ya kumi alipatia, tatu akakosea, na hotelini hakuna anayekuja kusikiliza zile saba. Jumatano jioni alikosea mara nne mfululizo. Akakaa chini sakafuni kati ya vipande vya kitambaa, akafunika uso.

"Wewe hukuwahi kukosea," alisema kupitia vidole vyake. "Miaka kumi na minne hukuwahi kukosea hata mara moja, na mimi nilikuwa naona ni kitu cha kawaida."

Fundi alibaki ameshika mkasi. Alitaka kusema hapohapo, lakini akainama kuokota vipande vya kitambaa.

Alhamisi asubuhi, Chiriku alipotoka, Fundi alikifunga kisanduku kwenye kipande cha kanga, akaenda nacho dukani. Hapakuwa na mteja mwingine. Muuzaji alimpa kigoda, akakaa naye karibu, maana ilibidi akae karibu ili amsikie.

"Nilisema uongo," Fundi alinong'ona. "Ile ya tatu haina bati."

"Najua, dada yangu."

"Mbona hukusema?"

Muuzaji alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Ningesema nini? Nilikuona uso. Siku bendi iliponiachisha kazi kwa sababu ya vidole hivi, ikaleta kinanda kinachojipiga chenyewe, mimi nilikwenda kukimwagia chai. Kwa makusudi. Kikakauka, kikaendelea kupiga." Akavaa miwani. "Nitakubadilishia. Kile cha tatu hakijauzwa."

Alikwenda kukileta, akakichomeka ili amwonyeshe vitufe vyake. Alipomaliza, Fundi hakuinuka. Alikuwa akiitazama maikrofoni.

"Naweza?" alinong'ona.

Muuzaji aliielewa haja yake kabla yeye mwenyewe hajaielewa. Akateremsha kile kinara cha maikrofoni kikalingana na kigoda, akabonyeza pedali kwa mkono, akageukia ukutani kupangapanga nyuzi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Fundi alisogeza mdomo. Akavuta pumzi kama zamani, kutoka chini, akaingia kwenye ule mstari wa wimbo wa mama yao. Ilitoka hewa. Spika ikaichukua ile hewa ikaikuza, duka zima likajaa mlio wa upepo unaopita kwenye nyasi kavu. Akajikaza, akajaribu tena kwa nguvu zaidi. Taa ndogo ya kisanduku iliwaka, ikazimika, ikawaka, kama inayotafuta. Haikupata kitu. Kisanduku kile kiliweza kupandisha sauti na kuishusha, kuizidisha mbili na tatu, lakini lazima kwanza kipewe sauti.

Muuzaji alisubiri mpaka upepo ukanyamaza. Akazima, akakifunga vizuri kwenye boksi lake, akamsindikiza hadi mlangoni akiwa amemshikia mzigo.

Chiriku aliporudi mchana alikikuta mezani. Alikitazama, akamtazama dada yake. Fundi alimweleza yote. Kunong'ona hakuna namna ya kupaza wala kupunguza. Uongo wake na toba yake vilitoka kwa kipimo kimoja. Chiriku alisikiliza mpaka mwisho.

Alikwenda jikoni. Alisikika akifungua maji, akiyafunga. Aliporudi uso ulikuwa umelowa.

"Siku tatu," alisema. "Siku tatu umenishika mguu, unanifundisha, na unajua."

"Najua."

"Umenikalisha pale sakafuni nalia kwamba mguu wangu ni gogo."

"Najua, mdogo wangu."

"Kwa nini hukuniambia tu kwamba hutaki? Ungeniambia, nisingenunua chochote. Ningekaa nyumbani na wewe."

"Ndiyo maana sikukuambia," Fundi alinong'ona.

Chiriku alikaa kwenye kiti cha wateja. Hakumkumbatia, wala hakusema yameisha, kwa sababu hayakuwa yameisha. Baadaye sana alisema, huku anaangalia boksi, "Sijui hata kukiwasha," na Fundi akavuta kigoda.

Ijumaa na Jumamosi walifanya kazi kama walivyozoea kufanya kabla ya shughuli kubwa. Kazi ile ilimhitaji Fundi peke yake, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua sauti ya pili ilikuwa inafanya nini. Alimwambia mdogo wake asiiachie mwanzo hadi mwisho, watu watachoka. Kwenye beti za mwanzo inyamaze. Kwenye chorasi ya kwanza iwe chini sana, isikike kama kitu unachokidhania. Ubeti wa tatu wa wimbo wa harusi ipungue, kwa sababu hapo Fundi mwenyewe alikuwa anaishiwa pumzi na watu walipenda ule upungufu bila kujua. Aliandika yote kwenye daftari lake la vipimo vya wateja, ukurasa kwa ukurasa: hapa ingia, hapa toka, hapa subiri. Siri za miaka kumi na minne, ambazo hakujua kama ni siri mpaka alipoanza kuzitoa. Walipofika kwenye wimbo wa mama, mahali pa noti iliyosimama, akaandika: *zima*.

"Nibaki peke yangu hapo?" Chiriku aliuliza.

"Haiwezi kusimama. Itakufuata. Bora pawe patupu."

Jumapili ukumbi ulijaa. Chiriku aliimba, akakanyaga, na sauti ya pili ikaingia kwa upole alioandikiwa. Kwenye wimbo wa harusi hata wahudumu walisimama. Wimbo wa mama aliuweka mwisho. Alipofika pale, akauinua mguu, akakanyaga, akateremka peke yake, na mahali palipokuwa na noti ile pakabaki patupu. Fundi, nyuma ya nguzo, alijikuta midomo yake imefunguka na kifua kimejaa. Akakitoa kile kifua polepole, hakuna aliyesikia.

Mwanamke wa meza ya jirani alimwinamia. "Samahani dada, huyu anayemwitikia kajificha wapi? Namtafuta tangu saa ile."

Fundi alimwonyesha kwa kidole kile kijisanduku sakafuni.

"Kile?" Mwanamke alikodoa macho, akacheka, akatikisa kichwa. "Haya, siku hizi kila kitu kipo." Akarudi kwenye chakula chake.

Meneja alimpa Chiriku Jumapili zote za mwaka ule. Fundi alimsindikiza mbili zilizofuata, akawa anakunja nyaya na kubeba boksi. Ya nne, Chiriku akiwa ameshavaa, alimkuta dada yake bado yuko kwenye cherehani.

"Nguo nyingi?" aliuliza.

"Nyingi."

Mezani palikuwa na sketi moja, na ilishamalizika kupindwa. Chiriku aliiona. Alikwenda akambusu dada yake kwenye utosi, akachukua gitaa na kisanduku, akatoka, akaufunga mlango taratibu.

Tangu hapo ndivyo ilivyokuwa. Jumapili jioni Chiriku alirudi na mdomo wake wote, akasimulia nani alikuja, nani alilewa, bwana harusi gani aliomba wimbo uleule mara tatu. Fundi alisikiliza akipima kitambaa, akicheka kwa mabega. Habari zikiisha, aliuliza swali moja.

"Ulipunguza pale kwenye ubeti wa tatu?"

"Nilipunguza."

"Vizuri," Fundi alinong'ona, akainamia kitambaa chake.